Barua ya Mtendaji

Ofisi ya mtendaji wa kijiji, upande wa Kibosho, ina benchi moja la mbao nje na bati linalodondosha matone hata siku ambayo mvua haikunyesha. Ni Juni, mwezi ambao huku mlimani ukungu hushuka hadi kwenye migomba na watu husalimiana mikono ikiwa mfukoni. Binti aliyemaliza kidato cha sita anataka kufungua akaunti ya benki mjini Moshi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa kwa nani?"

Anataja jina la babu yake. Mtendaji anainua macho kidogo, kama anayepita kwa mawazo kihamba kimoja baada ya kingine, kisha anasema, "Aa, wa pale juu ya mfereji." Basi, ameshatambuliwa.

Barua inaandikwa. Kumbukumbu namba juu, anwani ya meneja wa benki, halafu "YAH: UTAMBULISHO" kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari. Picha ya pasipoti inabandikwa kwa gundi pembeni, na muhuri unagongwa kwa namna ambayo kila Mtanzania anaijua: nusu juu ya picha, nusu juu ya karatasi, ili picha isibanduliwe na kuwekwa nyingine. Sahihi, tarehe, namba ya simu ya ofisi. Binti anapanda Hiace kwenda mjini. Karani wa benki hajawahi kufika kijijini kwao na hana habari na babu wala mfereji. Anatazama muhuri, anatazama tarehe, anatazama picha na uso ulio mbele yake, anaichukua barua pamoja na namba ya NIDA, na kazi inaendelea.

Wanaojenga programu za wavuti wamehangaika miaka mingi kufika pale alipo mtendaji huyu. Walianzia kwenye nywila, na nywila ilikuwa na kasoro tangu utotoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, chuo cha MIT huko Marekani kilikuwa na mfumo ulioitwa CTSS, ukiongozwa na Fernando Corbató. Kompyuta moja, watumiaji wengi, kila mmoja na mafaili yake na mgao wake wa muda, kwa hiyo kila mmoja akapewa nywila. Mwaka 1962 mtafiti aitwaye Allan Scherr aliona mgao wake haumtoshi. Akaiagiza mashine imchapie faili la nywila za watu wote, akaenda kulichukua kama mtu anayechukua nguo kwa dobi. Wizi wa nywila, kwa maneno mengine, ni rika la nywila yenyewe.

Leo muuguzi wa zamu ana nywila ya mfumo wa wagonjwa, ya stoo ya dawa, ya bima, ya baruapepe, ya maombi ya likizo na ya mafunzo ya mtandaoni. Nimeinua kibodi katika ofisi nyingi za mji huu na ninajua kilicho chini yake: kikaratasi kilichobandikwa kwa selotepu. Simlaumu muuguzi. Kila aliyejenga programu mpya alidai nywila mpya kana kwamba yake ndiyo programu pekee duniani, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kuingia kwa shirikisho kunaanza na uamuzi wa kuacha tabia hiyo. Programu yako haitunzi nywila ya mtu. Anayetaka kuingia unamrudisha kwao, kwenye taasisi inayomjua, na huko ndiko anakojithibitisha. Anarudi kwako na barua yenye muhuri, nawe unasoma barua. Nywila inabaki nyumbani.

Kilimanjaro wanaijua hesabu hii tangu enzi za Waingereza. Wakulima wa kahawa waliunda chama chao cha KNPA mwaka 1925, sheria ya vyama vya ushirika ikatungwa 1932, na mwaka uliofuata ikazaliwa KNCU, muungano wa vyama vya msingi vilivyotapakaa mlimani. Mkulima wa Machame hakuwa akishuka Moshi kujiandikisha ofisi kuu. Alijulikana kwenye chama cha kwao, mbele ya karani wa kwao na mizani ya kwao. Karani alijua kihamba ni cha nani, nani amefariki wiki iliyopita, na ni mtoto yupi aliyeachiwa migomba na mibuni. Huko mjini KNCU ilikusanya kahawa na kuitafutia soko bila kulazimika kumjua kila mwenye kikapu. Iliviamini vyama, na vyama vikawajua watu.

Ukiwa na watu elfu nyingi, hakuna namna nyingine inayodumu. Ofisi moja ya juu ikitaka kumjua kila mtu yenyewe, daftari lake litaanza kusema uongo ndani ya mwaka mmoja, kwa sababu haiendi misibani. Serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, wakulima walionja maana ya kuondolewa kwa kiungo cha kati, na sheria ya 1982 ikafungua mlango wa kuvirudisha. Haya yote yanafundishwa palepale Moshi, kwenye Chuo cha Ushirika kilichoanza 1963 na ambacho tangu 2014 ni chuo kikuu kamili. Sijui kama anayefundisha mifumo ya kompyuta pale huwa anavuka korido kumsikiliza anayefundisha historia ya ushirika. Angevuka, nusu ya somo lake ingekuwa imekwisha.

Sasa tuseme umeombwa kujenga maktaba ya pamoja ya mtandaoni kwa vyuo vya hapa: Ushirika, Mwenge, chuo cha tiba kilicho ubavuni mwa hospitali ya KCMC, na Mweka kule juu, ambako tangu 1963 wanafunzwa wahifadhi wa wanyamapori kutoka nchi nyingi za Afrika. Mwanafunzi wa Mweka anafungua maktaba yako. Kitu cha kwanza anachokutana nacho ni orodha ya vyuo na swali: unatoka wapi? Ukurasa huo upo katika kila shirikisho la aina hii, na Wadenmark wamelifanya swali hilo kuwa jina la shirikisho lao zima la vyuo. Ni swali la mtendaji, neno kwa neno.

Anachagua Mweka. Kivinjari kinampeleka kwenye ukurasa wa chuo chake, anaandika nywila yake huko, chuo kinapekua daftari lake na kumkuta. Kisha kinaandika barua: huyu ni wetu, ni mwanafunzi, tumemthibitisha dakika hii. Barua inatiwa sahihi kwa ufunguo wa siri ambao chuo peke yake kinao, na anayebeba barua ni kivinjari chenyewe. Seva ya chuo na seva ya maktaba hazihitaji hata kuzungumza. Kivinjari ndicho Hiace. Maktaba inapokea barua, inachukua ufunguo wa hadharani wa Mweka, pacha wa ule wa siri, iliokabidhiwa tangu siku shirikisho lilipoundwa, inakagua sahihi, inafungua mlango.

Kanuni za kuandika barua hizo zipo za aina mbili kuu. SAML 2.0 ya mwaka 2005 ndiyo inayotawala vyuoni. OpenID Connect ya 2014 ni nyepesi zaidi, na ndiyo iliyo nyuma ya vitufe vya "ingia kwa Google" unavyoviona kila mahali. Programu mashuhuri ya kushughulikia SAML vyuoni inaitwa Shibboleth. Waliosoma kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, wanalikumbuka neno hilo: kwenye vivuko vya Yordani, Wagileadi walimtaka kila anayevuka alitamke, na Mwefraimu aliyeshindwa kutamka "shi" akasema "si" aliuawa. Biblia inataja watu 42,000. Jina hilo sijawahi kulipenda kwa kazi hii. Kivukoni walikuwa wakimtega mgeni ili wamkamate. Mtendaji anamuuliza binti ili amsindikize.

Turudi kwenye barua, maana usalama wote umo mle.

Angalia anwani. Barua ya binti imeandikwa kwa meneja wa benki fulani, tawi la Moshi. Ingeandikwa "kwa yeyote anayehusika", aliyeiokota angeipeleka kwenye duka la mikopo. Barua ya kidijitali nayo hutaja programu inakokwenda, na programu yako inatakiwa kuikataa iliyoandikiwa jirani hata kama muhuri ni halali. Utashangaa ni wajenzi wangapi huukagua muhuri na kusahau anwani. Angalia pia kama barua ni jibu la ombi ulilotuma wewe, na kama haijatumika tayari. Karani wa benki hutoboa barua na kuifunga kwenye faili. Barua moja haifungui akaunti mbili.

Halafu muhuri wenyewe. Mwaka 2012 watafiti wa Ujerumani walizijaribu programu 14 zinazosoma barua za SAML, na 11 zikadanganyika. Ujanja wao haukuhitaji kughushi sahihi. Walichukua barua halali, wakaipachika ndani yake barua nyingine waliyoiandika wenyewe. Sehemu moja ya programu ilikagua muhuri kwenye barua halali ikaridhika. Sehemu nyingine ikasoma jina kwenye ile ya uongo. Yaani muhuri uligongwa kwenye karatasi na picha ikaachwa pembeni bila wino. Mtendaji wa kijiji asingefanya kosa hilo. Kwa sababu hiyo usijiandikie mwenyewe programu ya kusoma SAML, hata kama una wiki nzima na kahawa ya kutosha. Tumia iliyopigwa na wengi ikasimama, na uisasishe.

Na ufunguo wa siri ukiibwa? Basi mwizi ana muhuri halisi. Ilipofichuka Desemba 2020 kwamba wadukuzi walikuwa wamejipenyeza ndani ya programu za kampuni ya SolarWinds, iligundulika kuwa katika baadhi ya taasisi walifika hadi kwenye ufunguo wa kutia sahihi wakawa wanajiandikia barua wanazotaka. Waliozipokea hawakuwa na sababu ya kuzikataa.

Kosa langu mimi la kwanza halikuhitaji mdukuzi. Niliunganisha programu ya taasisi moja ya hapa, nitaiacha bila jina, na kwa wiki mbili kila kitu kilikwenda sawa. Jumatatu moja watu wote wakafungiwa nje. Nywila zilikuwa sahihi, funguo sahihi, na programu ikirudia ujumbe mmoja: barua bado haijaanza kutumika. Nilishinda nikisoma msimbo mstari kwa mstari. Jioni fundi wa umeme, aliyekuja kwa shughuli zake nyingine, akaniuliza kwa nini saa ya seva iko nyuma.

Umeme ulikuwa umekatika mwishoni mwa juma, betri ya chelezo ikaisha, na ile betri ndogo kama kitufe cha koti inayotunza saa kwenye ubao wa kompyuta ilikuwa imechoka siku nyingi. Seva ilipoamka iliamka dakika kumi na moja nyuma ya dunia. Barua hizi hubeba saa ya kuanza na saa ya kwisha, na programu nyingi huvumilia tofauti ya dakika tatu hadi tano, si zaidi. Kwa macho ya seva yangu, chuo kilikuwa kinaleta barua kutoka siku zijazo. Kilichotakiwa kuirekebisha saa kupitia mtandao kilikuwa kimezuiwa na ukuta wa ulinzi ambao niliufunga mimi mwenyewe.

Kusoma saa hizo nako kunataka utulivu. Zimeandikwa kwa saa ya dunia, iliyo nyuma ya Moshi kwa saa tatu. Mtu akikupigia kwamba alishindwa kuingia saa tisa alasiri, simu yake inaonyesha 15:00 na barua imeandikwa 12:00. Tisa, kumi na tano, kumi na mbili, na wote wanasema kweli. Siku hizi naandika zote tatu kwenye daftari kabla sijafanya lolote.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu hakuna mashine iliyolalamika. Niliwatambua watu kwa anwani ya baruapepe. Ukikaa Moshi unajua kuna akina Massawe wangapi, akina Mushi, akina Lyimo. Mtumishi aliyetumia j.massawe alistaafu, anwani ikakaa wazi, miezi michache baadaye akaajiriwa J. Massawe mwingine akapewa ileile. Aliingia siku ya kwanza akakuta rasimu, barua na maombi ya likizo ya mtu asiyemjua. Alikuwa muungwana, akanipigia simu. "Kaka, humu kuna mambo ya mzee mwenzangu," akasema. Nilipaswa kutumia namba ambayo taasisi humpa mtu mmoja na haimpi tena mwingine hata akifa. Baruapepe ni mahali pa kumpata mtu. Anayekuja kupangisha chumba baada yako hawi wewe.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sehemu ngumu ya kazi hii haiko kwenye kompyuta. Shirikisho linadai vyuo vyote vitumie maneno kwa maana moja, na jaribu kuwakusanya maofisa wa vyuo vinne uwaulize nani ni mwanafunzi. Aliyeahirisha mwaka? Aliye kwenye mafunzo kwa vitendo Bukoba? Aliyemaliza mitihani lakini hajahitimu? Asiyelipa ada? Kila chuo kina jibu, na majibu hayafanani. Kikao kimoja cha namna hiyo kina manufaa kuliko mwezi wa kuandika msimbo, ingawa hakuna anayependa kukilipia chai.

Wanahitaji kukubaliana pia barua iseme nini na inyamaze nini. Maktaba haina haja ya tarehe ya kuzaliwa wala namba ya simu. Mara nyingi haihitaji hata jina. Yatosha chuo kiseme "huyu ni wetu" pamoja na alama isiyomtaja, ambayo maktaba itaikumbuka kesho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa kiasi cha haja. Katika kuingia kwa shirikisho sharti hilo halikugharimu kitu. Unaacha tu kuomba.

Kutoka kuna shida yake. Katika chumba cha kompyuta, watatu hutumia mashine moja kwa zamu. Mwanafunzi anabofya "toka" kwenye maktaba, anaondoka akiamini amefunga mlango. Amefunga chumba, lakini geti la nyumba, yaani kikao chake kwenye ukurasa wa chuo, bado liko wazi. Anayekalia kiti chake anabofya "ingia" na anaingia kwa jina la aliyetangulia bila kuulizwa nywila. Zipo kanuni za kumtoa mtu kila mahali kwa mkupuo, na nimezijaribu, na kila mara programu moja kati ya tano haisikii. Mimi huandika kwenye ukurasa wa kutoka, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa: FUNGA KIVINJARI CHOTE.

Utaulizwa, kwa nini taabu hii yote wakati kitufe cha Google au cha Facebook kinawekwa kwa nusu siku? Kwa duka la nguo, kiweke. Lakini Google haijui kama mtu ni mwanafunzi wa Mweka. Inajua tu kwamba ana akaunti ya Google. Na mtendaji wa mbali akiwa na dharura yake, huna wa kumpigia. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilizimika duniani kwa takriban saa sita, na walioizoea kama mlango wa programu nyingine walibaki nje ya milango hiyo pia. Ni kweli mtendaji wa karibu naye huitwa mkutanoni wilayani, ofisi ikafungwa siku mbili. Lakini huyo unajua anapokaa.

Na majirani wametangulia. Uganda, kupitia mtandao wa vyuo wa RENU, na Kenya kupitia KENET, mwanafunzi huunganisha simu yake kwenye Wi-Fi ya eduroam akiwa chuo kisicho chake, na chuo chake ndicho kinachojibu kwamba anajulikana. Wazo hilo lilipendekezwa Uholanzi mwaka 2002 na Klaas Wierenga. Afrika Kusini wana SAFIRE kwa upande wa programu za wavuti. Tanzania ina TERNET, mtandao wa vyuo na utafiti, ambao ndio mahali pa kuanzia kwa chuo cha Moshi kinachotaka kuungana na wenzake.

Ukipewa kazi hii, usifungue kompyuta kwanza. Chukua daftari uende ofisi ya msajili na ofisi ya utumishi, uulize swali moja: mtu akiondoka hapa Ijumaa, ni nani anayelifuta jina lake, na analifuta siku gani? Wakitazamana, rudi wiki ijayo uulize tena. Seva inaweza kusubiri.